Namna ya Kukadiria Faida Iliyopotea na Fidia ya Adhabu katika Kesi ya Biashara

Madai mengi ya faida iliyopotea huanguka kwa sababu mdai amehesabu mauzo badala ya faida. Anza na mapato ambayo ungeyapata kama mkataba ungetekelezwa, kisha ondoa gharama ambazo hukuzitumia kwa kuwa mauzo hayakufanyika, kama malighafi na usafirishaji; pango na mishahara ya kudumu, ambayo uliendelea kulipa, usiiondoe. Mauzo yaliyopotea yakiwa 1,000,000 kwa mwezi na gharama zilizookolewa 650,000, hasara ni 350,000. Ikiwa nafasi iliyoachwa wazi na mkataba huo ilikuwezesha kupata kazi nyingine iliyokuletea faida ya 100,000, unadai 250,000, kwa maana sheria humtaka mdai apunguze hasara yake kadiri inavyowezekana.

Kiwango hicho cha mauzo hakikubaliki kwa maneno matupu. Ambatisha hesabu za miaka kadhaa kabla ya tukio, oda zilizothibitishwa na marejesho ya kodi, na uyasome marejesho hayo mwenyewe kabla ya wakili wa upande wa pili hajayasoma, maana mdai aliyetangaza faida ndogo mbele ya watoza kodi atabanwa na karatasi yake mwenyewe. Biashara changa, isiyo na historia, ina kazi ngumu zaidi. Hapo mtaalamu wa hesabu hulinganisha na biashara inayofanana nayo.

Onyesha pia kwamba hasara ilitabirika. Katika shauri la Hadley v Baxendale la mwaka 1854 nchini Uingereza, wenye kinu walinyimwa faida waliyoikosa wakati mhimili uliovunjika ulipocheleweshwa na msafirishaji, kwa kuwa hasara ya namna hiyo haikuwa katika fikra za pande zote mbili walipoingia mkataba.

Fidia ya adhabu ni jambo jingine kabisa, kwani hulenga kumwadhibu mdaiwa, na kwa kawaida haitolewi kwa kuvunja mkataba tu. Tafuta kosa la kisheria linalojitegemea, kwa mfano ulaghai, na ushahidi wa nia mbaya. Hata Marekani, ambako fidia hii hutolewa kwa ukarimu kuliko kwingi, Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2003, katika State Farm v Campbell, kwamba ni nadra kiasi kinachofikia mara 10 ya hasara halisi au zaidi kukubalika kikatiba. Kwa maoni yangu, iombwe katika aya yake yenyewe, wala isiingizwe kamwe kwenye jedwali la hasara.