Kufungua droo ya pesa kutoka kwenye programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa Microsoft Access

Droo ya pesa ya kawaida haipokei amri moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Ndani yake mna koili inayovuta komeo ikipata umeme wa kitambo kifupi, na umeme huo hutoka kwenye printa ya risiti. Kazi ya programu yako ni kuiamuru printa tu.

Chomeka kebo ya droo kwenye tundu la DK (tundu la droo) nyuma ya printa. Linafanana na tundu la simu ya mezani, lakini usichomeke humo laini ya simu: utaunguza kitu. Kebo ya simu nayo haifai kwa droo, maana nyingi zina nyaya mbili au nne, na DK ina pini 6. Kwa mpangilio wa printa za Epson, pini ya 4 ni volti 24, ya 2 huendesha droo ya kwanza, ya 5 droo ya pili. Droo iliyoandikwa volti 12 usiiunganishe hapo.

Amri yenyewe ni baiti tano: 27, 112, 48, 25, 250. Namba 48 huchagua pini ya 2, na 49 pini ya 5. Namba 25 huzidishwa kwa 2, hivyo umeme hupita milisekunde 50. 250 ni mapumziko ya milisekunde 500. Mifano mingi huweka 0 mahali pa 48. Printa huikubali, ila baadhi ya programu hukata maandishi zikikuta baiti ya sifuri.

Jaribu kwanza nje ya Access. Shea printa kwa jina RISITI, kisha kwenye PowerShell tengeneza faili (folda C:\pos iwepo tayari):

[IO.File]::WriteAllBytes("C:\pos\fungua.bin", [byte[]](27,112,48,25,250))

Halafu kwenye dirisha la cmd:

copy /b C:\pos\fungua.bin \\localhost\RISITI

Kimya kabisa? Badilisha 48 iwe 49, na hakikisha printa inafuata ESC/POS, yaani lugha ya amri za printa ya Epson, ambayo baiti hizi ni zake. Printa nyingi za Star zina amri zao. Ukisikia "tak" bila droo kutoka, tazama ufunguo kabla ya kulaumu programu. Mara nyingi droo imefungwa kwa ufunguo.

Ikifunguka, weka mstari huu wa VBA (lugha ya kuandikia programu ndani ya Access) kwenye kitufe cha malipo:

Shell "cmd /c copy /b C:\pos\fungua.bin \\localhost\RISITI", vbHide

Uite baada ya mauzo kuhifadhiwa, si kabla. La sivyo hifadhidata ikigoma, droo itakuwa wazi bila rekodi. Kila ufunguzi usio na mauzo uingie kwenye jedwali lake: saa, mtumiaji, sababu.

Ukihamia lugha nyingine, usitume amri kama maandishi ya UTF-8 (mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti). Baiti ya 250 hugeuka mbili, 195 na 186: droo hufunguka vizuri, lakini alama ya ajabu hutokea juu ya risiti inayofuata. Tuma baiti ghafi.