Namna ya kusoma parasitolojia kwa macho na mikono, ukiwa Mwanza

Mwaka wa kwanza nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya parasitolojia, somo la vimelea vya magonjwa. Mzunguko wa maisha ya kichocho nilikuwa nimeukariri wote kutoka kwenye madesa. Kwenye mtihani wa vitendo tukawekewa slaidi, nikainama kwenye hadubini, sikujua ninatazama nini. Nami nimezaliwa Igombe, nimekua nikiogelea ziwani. Iliniuma sana, ndiyo maana nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza sayansi za tiba na maabara.

Nunua daftari lisilo na mistari. Kila slaidi ichore kabla hujasoma jina lake, na usihangaike na uzuri wa picha, tafuta alama inayoitambulisha. Yai la Schistosoma mansoni, kichocho cha tumbo, lina mwiba ubavuni. La Schistosoma haematobium, kichocho cha mkojo, mwiba wake uko nchani. Pembeni andika lenzi uliyotumia: mayai haya yanaonekana vizuri kwa lenzi ya 10, lakini vimelea vya malaria vinahitaji lenzi ya 100 na tone la mafuta.

Kipimo cha Kato-Katz, cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, kifanye mwenyewe, usikubali kuwa mtazamaji nyuma ya wenzako. Chuja kinyesi kwenye wavu, jaza tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, funika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini yenye rangi, geuza slaidi, kandamiza. Hesabu mayai yote kisha zidisha kwa 24. Hiyo 24 itafute kwa kalamu: gawanya 1,000 kwa 41.7. Umepata mayai kwa gramu moja. Ya Schistosoma mansoni yakiwa 100 hadi 399 maambukizi ni ya wastani, kuanzia 400 ni makali.

Tena angalia saa! Gliserini inang'arisha kila kitu, na mayai ya minyoo ya safura hupotea machoni. Yasome ndani ya dakika 30 hadi 60. Ya kichocho yanavumilia, hata kesho utayakuta. Ukichelewa ukaandika "safura hakuna", umemnyima mgonjwa dawa.

Halafu shuka ziwani. Vaa buti za mpira na glavu, chukua koleo dogo, utafute konokono wa Biomphalaria kwenye majani ya ukingoni. Gamba lake ni bapa, limejizungusha kama kamba ya mtumbwi iliyolazwa chini. Humo ndimo serkaria, viluwiluwi vya kichocho, hukulia, kisha hutoka majini kutafuta ngozi ya mtu, nyingi zaidi jua likiwa kali. Niliposoma hilo nilimkumbuka mama, saa sita mchana, maji yakimfika magotini, anaosha masufuria. Tangu siku ile mzunguko ule haujanitoka kichwani, na nyumbani tukaanza kuchota maji na kuoshea vyombo uani.

Diskasheni ziwe za watu watatu au wanne, wakizidi zinageuka soga.

Ijumaa vipindi vikiisha, mwombe fundi wa maabara, kwa adabu, sanduku la slaidi za zamani. Bandika plasta juu ya majina, zichanganye, mpe mwenzako akuchagulie ya kwanza.