Kabla ya kwenda dago, hakikisha panya havuki nawe

Kila kusi ikianza kulegea, vijana huja kwangu Kizingitini kuazima mashua ya kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, visiwa vya Kiunga. Sharti langu hutangulia mafuta na barafu: pakua kila kitu kwanza.

Kila kitu, wanangu. Jarife, wavu wetu mkubwa, lililokaa limekunjwa mwezi mzima ni nyumba ya panya. Litandaze mchangani kwenye jua la saa sita, ulikung'ute pindo kwa pindo. Unga na mchele vitoe magunia uvitie ndoo zenye vifuniko. Inua mbao, fua maji yote ya ngama, chini kabisa ya mashua, halafu tafuta mavi madogo meusi na kamba zilizotafunwa. Ukiyaona, safari hakuna. Tega mitego, na usiondoke mpaka zipite siku mbili mitego ikiwa mitupu. Mashua ikishakuwa safi usiifunge gatini usiku, kwa maana panya hutembea juu ya kamba. Itie nanga nje.

Mwaka mmoja nilifungulia gunia kisiwani. Panya akaruka, akaingia mawemawe. Usiku wa tatu ndipo aliponasa, na tayari mayai ya membe, ndege wa baharini, yalikuwa yametobolewa. Angekuwa jike mwenye mimba, isingefika mwezi kabla hajazaa.

Membe hutaga chini, juu ya mchanga na mawe, ila angalau wana visiwa vingi duniani. Wako ndege wasio na kwingine. Pemba ina aina nne za peke yake: njiwa, bundi, chozi, na kindege cha manjano chenye duara jeupe machoni. Baharia wangu Mpemba hakuamini nilipomwambia kwamba bundi anayemsikia kwao hayupo hata Unguja. Ushelisheli, kwenye kisiwa cha Cousin, kuna kindege kilichobaki chini ya 30 mwaka 1968, kwa sababu msitu wake ulikuwa umekatwa ipandwe minazi. Mnazi huu huu tunaoupenda! Kisiwa kikanunuliwa kwa ajili yake, msitu ukaachwa urudi, wengine wakahamishiwa visiwa jirani. Sasa wamepita 3,000.

Paka wa Lamu nawapenda, lakini usimpeleke dagoni akuulie panya. Kinda asiyejua kuruka ni rahisi kuliko panya.

Mkikaribia kisiwa na membe wakainuka kwa kelele, geuzeni, pigeni kambi kwingine. Yai lililoachwa juani halichukui muda kuharibika. Mayai msiokote hata moja. Matumbo ya samaki yasibaki, yatawaita kunguru. Mkikuta mavi ya panya kisiwani msimwage sumu, kaa na ndege wataila. Waambieni askari wa wanyamapori, KWS.

Mashua ikiwa tayari, niiteni kabla hamjapakia. Ngama naikagua mwenyewe, kwa tochi.