Saint Helena si Uingereza: hesabu siku zako kabla hujasaini

Kwa muuguzi, mwalimu au mhandisi wetu mwenye ukaazi wa kudumu wa Uingereza, ile ILR, tangazo la kazi ya miaka miwili Saint Helena, kisiwa cha mbali cha Waingereza katika Atlantiki ya Kusini, linashawishi. Bendera ni ya Waingereza, gavana huteuliwa kutoka London, na pauni ya kisiwa ina thamani sawa na ya Uingereza. Hapo ndipo watu wanaponasa. Kwa hesabu za uhamiaji, kukaa Saint Helena ni kukaa nje ya Uingereza, sawa na kukaa Mwanza au Kisumu. Na ILR inakufa ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Usingoje barua ya onyo. Unaweza kuja kugundua ukiwa umesimama mbele ya afisa wa mpakani na masanduku yako yote.

Chukua kalenda. Unaondoka London Alhamisi jioni, 12 Machi 2026, unalala njiani, Ijumaa uko Johannesburg, Jumamosi tarehe 14 unatua kisiwani. Mkataba wa miezi 24 unaanza siku hiyo na kuisha katikati ya Machi 2028. Lakini saa ya ILR haikuanza ulipotua, ilianza ulipotoka Uingereza, kwa hiyo mwisho wako ni 12 Machi 2028. Ndege ya kisiwa kwa kawaida ni moja kwa wiki, Jumamosi. Ya kwanza baada ya mkataba ni tarehe 18, London unafika 19. Umechelewa wiki nzima, na hujakosea lolote kazini.

Hapo bado upepo haujavuma. Uwanja umejengwa juu ya majabali, na pepo zake za kugeuka ghafla ndizo zilizochelewesha safari za ratiba kutoka 2016 hadi Oktoba 2017. Ndege ikishindwa kutua, unangoja.

Kwa hiyo omba mkataba wa miezi 20 au 21, na tarehe ya kuondoka iandikwe humo. Wengi hushauriana kwamba wiki moja ya likizo London inatosha kuanzisha hesabu upya. Usiweke maisha yako kwenye ushauri huo. Ni kweli siku za mfululizo hukatika, lakini ILR ni ya mtu anayerudi kuishi, na afisa akiridhika kwamba makazi yako yamehamia kwingine anaweza kukukatalia. Ikishakufa, unabaki kuomba viza ya mkaazi anayerejea ukiwa nje, na kuthibitisha kwamba bado una mizizi Uingereza.

Wenye viza ya kazi ambao hawajapata ILR, msijaribu kabisa: ili kuja kuipata ILR, kikomo ni siku 180 nje katika miezi 12 yoyote, na viza yenyewe imefungwa kwa mwajiri wa Uingereza.

Kinga kamili ni uraia kabla ya kuondoka, maana raia hahesabiwi siku. Mkenya na Mganda wanaweza kuubeba pamoja na wa nyumbani, Mganda kwa kufuata utaratibu wa kuuomba. Mtanzania mtu mzima hawezi bila kupoteza wake, ndiyo maana Watanzania wengi wanabaki na ILR na ndio wanaopaswa kusoma haya mara mbili. Anayepanga kuomba uraia baadaye ajue kwamba siku za kisiwani nazo zinahesabiwa kuwa za nje: kwa kawaida zisizidi 450 nje katika miaka mitano, wala 90 katika mwaka wa mwisho.

Narudia kwa sababu ndugu watakuambia vingine. Shangazi atasema, "Si kwa Waingereza haohao?" Anakutakia mema, ila hajui kwamba kisiwa kina sheria yake ya uhamiaji, na hata kibali cha kuingia unaomba kwao.

Mengine kwa ufupi. Pasipoti iwe na miaka mitatu mbele: kisiwani hakuna ubalozi wetu, na alama za vidole hazitumwi kwa barua. Ukibadilisha pasipoti, iunganishe na akaunti yako ya eVisa, yaani rekodi ya ukaazi wako mtandaoni, na misimbo ya kuingilia ije kwa barua pepe, si kwa laini uliyoiacha London. Bima igharimie kusafirishwa kwa ndege, kwa kuwa wagonjwa mahututi hupelekwa Afrika Kusini. Akaunti ya Uingereza usiifunge, kwani noti za kisiwa hazitumiki Uingereza. Asali usibebe, hata kijiko; wanalinda nyuki wao dhidi ya magonjwa.

Watu wake ni wachache, elfu nne na ushei, na wanapungiana mikono barabarani hata kwa mgeni. Huo ukarimu ni wa kweli. Ila siri hakuna, na nadhani anayetoka kwenye upweke wa London atahitaji muda kuzoea kuulizwa kila kitu. Wala si nchi ngeni kwetu: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyetwaa usultani wa Zanzibar 1896 na kuondolewa na Waingereza, alihamishiwa huko baada ya wao kumkamata 1916. Mizigo yako ya meli kutoka Cape Town itashushwa Rupert's, bonde walikozikwa maelfu ya Waafrika waliotolewa kwenye meli za watumwa. Siku ya kwenda kuichukua, nenda na saa moja ya ziada, upite makaburini.