Namna ya Kuandaa Mpango wa Kurudisha Mbwa Mwitu Porini

Anayeandaa mpango wa namna hii akiwa Dar es Salaam, kama wafanyavyo vijana ninaowasaidia kuandika maandiko yao ya utafiti, aanze kwa kutenganisha majina. Kiswahili humwita mbwa mwitu yule wa kijivu wa Marekani na Ulaya, na vilevile huyu wetu mwenye mabaka anayeishi katika hifadhi za Nyerere na Ruaha. Ni wanyama wawili tofauti, ijapokuwa wote huwinda kwa kundi na kwa kawaida jozi moja tu ndiyo huzaa.

Baadaye achague njia ya kuwaachia. Katika hifadhi ya Yellowstone, ambako mbwa mwitu wa mwisho waliuawa mwaka 1926, waliletwa 31 kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, wakazuiliwa kwanza ndani ya uzio kwa majuma kadhaa ili wasikimbilie kurudi walikotoka. Jimboni Idaho, katika miaka hiyohiyo, 35 waliachiwa moja kwa moja, wakatawanyika. Serengeti, ambako mbwa mwitu wetu walitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990, makundi yaliyotolewa Loliondo, jirani na hifadhi hiyo, kuanzia mwaka 2012 nayo yalipitia uzio kwanza. Mimi ningechagua uzio kila fedha zinaporuhusu.

Kabla ya mnyama yeyote kusafirishwa, mbwa wa vijiji vya jirani wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa unaoambukiza pia wanyamapori. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, na kundi changa la mbwa mwitu haliwezi kuhimili pigo kama hilo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ya mfugaji, nami huumia nikiona andiko limempa aya moja tu. Kikao cha kijiji kifanyike wakati mpango ungali unaweza kubadilishwa. Nchini Marekani, ruhusa ya mfugaji kumuua mbwa mwitu aliyekutwa akishambulia mifugo katika ardhi yake iliandikwa kwenye kanuni kabla ya wanyama kufika. Sisemi tuinakili, ila mfugaji alijua mapema anasimama wapi. Kwa kuwa mbwa mwitu wetu huwinda zaidi asubuhi na jioni, boma imara la usiku halitoshi: malishoni awepo mchungaji mtu mzima, hasa penye mbuzi na ndama. Kuhusu kifuta machozi, yaani malipo kwa aliyeuliwa mifugo na wanyamapori, mpango utaje ni nani atakayeukagua mzoga, kwa ushahidi gani, na malipo yatatoka mfuko upi.

Zitengwe pia fedha za kola za kufuatilia makundi na za doria ya kuondoa mitego ya nyaya. Kila kijiji kipewe namba ya simu ya askari wa wanyamapori anayefahamika hapo, ili mama aliyepoteza mbuzi alfajiri ampigie na kufikiwa siku hiyohiyo, kabla mzoga haujatiwa sumu ya kulipiza kisasi kwa mbwa mwitu.