Kuwasha taa kwa mawimbi: kifaa cha kuanzia

Wanafunzi wa sekondari wanaofika kibandani kwangu Msasani kuulizia umeme wa bahari karibu wote huja na mchoro uleule: boya lenye sumaku, linapanda na kushuka kwenye nguzo yenye koili, yaani waya uliozungushwa. Nawaambia wauweke pembeni. Siku za bamvua maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Saa mbili asubuhi boya liko sawa na koili, mchana linaning'inia. Tumieni mtikisiko: wimbi liyumbishe kifaa, sumaku iteleze ndani ya bomba.

Chukua bomba la plastiki la kupitishia nyaya, la mm 20, urefu wa sentimita 30. Ndani tia sumaku za neodimiamu (zile zenye nguvu sana) za mm 15, nne au tano zikiwa zimeshikana. Za spika achana nazo, ni pana. Inua ncha moja ya bomba kwa kimo cha vidole vitatu: sumaku isipoteleza, bomba lina mikwaruzo, tafuta jingine.

Katikati ya bomba zungushia waya wa shaba wa mm 0.2, ule wa mafundi wanaosuka mota, kama mizunguko 2,000. Usiutawanye; upana wa sentimita 2 unatosha, kwa sababu volti huzaliwa sumaku inapopita kwa kasi. Kwangua vanishi kwenye ncha za waya (hapa ndipo wengi hukwama), kisha unga taa mbili nyekundu za LED, moja ikiwa kinyume cha mwenzake. Sumaku ikiingia kwenye koili inawaka hii, ikitoka inawaka ile. Ziba kila mahali kwa silikoni, chumvi haina huruma.

Funga madumu mawili ya lita 5 ubavu kwa ubavu, bomba likae juu katikati kwa urefu wake. Kamba ya nanga ifungwe ncha moja tu, ili kichwa kielekee mawimbi. Ukiifunga katikati, madumu yanalala kiubavu na sumaku haitoki ilipo.

Coco Beach nenda maji yakiwa yamejaa. Yakitoka, miamba inalikata wimbi. Msimu wa kusi ndio wenyewe. Wimbi likipungua kimo kwa nusu, nguvu yake inabaki robo.

Simu haitachaji. Hata kituo cha Mutriku, Hispania, kilichoanza 2011 kwa mashine 16 zinazozungushwa na hewa inayosukumwa na mawimbi, kilijengwa kwa kilowati 296 tu.