Vichwa vya batu kwa barabara

Benye munajifunza kuchora barabara ya Goma, tuseme kartié ya Birere na fujo yake yote, mbele ya kugusa rangi mupige kwanza mustari ya macho yenu, ule wa kulala kwa urefu ya macho. Kama barabara haina mulima na weye umesimama, batu wote ba urefu yako vichwa vyao vinafika pale pale kwa ule mustari, hata mutu akuwe mbali namna gani, ni miguu tu njo inapanda kadiri anaenda mbali. Wengi banashusha vichwa vya batu ba kule nyuma na inakuwa sasa ni batoto. Mwenye kuinama anasukuma chukudu (trotineti ya mbao ya kubeba mizigo), uyu kichwa yake muiweke chini ya mustari, bodaboda pia kidogo.

Halafu mawe ya volkano, aki muache rangi nyeusi ya tibe (ya tayari ya tube), inakufa kwa tableau! Muchange bluu ya utremeri (outremer, bluu ya nguvu) na kahawia nzito, hapa karibu iwe kali, ya mbali muongeze nyeupe sababu vumbi inafifisha kila kintu. Nyiragongo, ule mulima ya volkano, yenyewe kule nyuma ni bluu ya kijivu tu, asubuhi hata nyepesi zaidi.